Miguu Mibichi Mkekani

Mjukuu wangu ametoka kuoga, akaketi mkekani na miguu mibichi akitazama simu yangu. Simu inamwimbia ba, be, bi. Mkeka uliolowa unanukia vilevile kama zamani.

Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja tu, kwa mama mwenye duka. Jioni, kabla ya kipindi cha kusoma, watoto tuliosha miguu mferejini ndipo tukaruhusiwa kukaa kwenye mkeka wake.

Mama yangu alikuja kunichukua akitoka kuuza sukumawiki, miguu imejaa tope.

"Ingia ndani, dada," mwenye duka alimwambia.

"Nimechafuka. Wacha niegemee hapa mlangoni."

Aliegemea, macho yakifumbika kwa uchovu, lakini kila mara mwalimu wa kwenye televisheni alipotamka ba, be, bi, midomo ya mama ilitamka pia. Yeye hakuwahi kupelekwa shule.

Jioni moja, tukirudi nyumbani, aliniuliza, "Hizo ba be bi umeshazijua? Kama umezijua, tuache kuja. Nimechoka."

Nilikuwa nimezijua zote.

"Bado, mama," nikamwambia. "Kesho uje tena kunichukua."