Mashine ya Miguu

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuugua. Watu wa koo nyingine walipata malaria, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na mengine ya kuandikwa kwenye vyeti. Wao walipata uchovu tu. Bibi alipolazwa miezi miwili, alikuwa amechoka. Shangazi aliyekatwa titi alikuwa amekwenda kupumzika. Na kaka mkubwa, mwenye yadi ya mchanga, kokoto na matofali, alipofariki miaka minne iliyopita, tangazo la msiba lilisema kwamba ametutoka baada ya uchovu wa muda mfupi. Tangazo hilo liliandikwa na mjane wake, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuweka koma mahali pasipostahili.

Kwa hiyo mdogo wa marehemu, mguu wake wa kushoto ulipoanza kufa ganzi, hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Alichoka, akanyamaza.

Huyu mdogo wa marehemu ndiye aliyeitwa Pedeli. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa opareta wa katapila ndogo ya yadi, ile ya magurudumu manne isiyokata kona kama gari la kistaarabu, bali hujizungusha palepale ilipo kama kuku aliyekanyagiwa mkia. Mashine ile ilikuwa ya mtindo wa zamani. Mikononi unashika vyuma viwili virefu: cha kushoto kwa magurudumu ya kushoto, cha kulia kwa magurudumu ya kulia. Miguuni una pedeli mbili: ya kushoto inapandisha na kushusha mikono ya chuma, ya kulia inakunja na kumwaga kijiko. Mgeni akikalia kiti kile anafanana na mtu anayepigana na nyuki. Pedeli akikikalia, wapakiaji waliacha makoleo yao wakatazame.

Sifa zilimwingia vizuri, hazikupata shida ya njia. Alikuwa akieleza, hata asipoulizwa, kwamba opareta wa kweli anaanzia miguuni, na kwamba mkono hata mtoto anao. Alikuwa na maoni kuhusu viatu vya kuendeshea, unene wa soksi, na namna ya kushusha kisigino. Harusini aliyasema hayo. Msibani pia.

Ganzi ilianza kwenye kidole gumba, ikahamia kwenye unyayo, ikajenga kabisa. Ikafika siku akawa hajui mguu uko wapi mpaka autazame. Basi akawa anautazama. Anainamisha kichwa, anauona mguu uko juu ya pedeli, anakanyaga, anainua kichwa, anaendelea. Wapakiaji walidhani ni unyenyekevu umemjia uzeeni. Kwa kuwa mguu ulikuwa ukivimba jioni, akanunua viatu vya kuchomeka visivyo na kamba, vikubwa kwa namba mbili, akasema ndiyo mtindo.

Alijua vizuri kinachomngoja akifungua mdomo: kiti cha plastiki getini, chini ya kibati, kazi ya kuinua na kushusha kamba malori yanapopita. Amewahi kuwaona waliopelekwa pale. Walikuwa wanaume, kisha wakawa watu wa kusalimiwa.

Mashine ya zamani ilipokufa, ikafa kweli, injini imepasuka, familia ikakaa sebuleni kwa mjane kujadili ya kununua. Mjane huyo, ambaye mtaani wote walimwita Mwalimu na Pedeli alimwita Shemeji, alikaa kwenye kiti cha marehemu akiwa na kalamu. Mwanawe wa kwanza alikuwapo pia. Huyu ana shahada mbili, na kwa hiyo aliitwa Shahada na watu waliomheshimu na wasiomheshimu. Alikuwa ametazama video kumi na moja kuhusu katapila ndogo, jambo lililomfanya awe mtaalamu wa pili katika chumba kile; wa kwanza alikuwa kila mtu mwingine.

Shahada alieleza kwamba kwa muuza mitumba ya mashine kuna katapila mbili za umri mmoja. Moja ni ya vyuma na pedeli kama ile iliyokufa. Nyingine ni ya vijiti: viwili vifupi, kimoja kila upande wa kiti, vinafanya kila kitu, miguu inapumzika. Dunia nzima inahamia kwenye vijiti, alisema, kana kwamba dunia ilimpigia simu asubuhi ile.

Pedeli alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mtu anayemsubiri mwenzake amalize kukosea. Kisha akatangaza kwamba vijiti ni vya watoto wa michezo ya televisheni, na kwamba mashine isiyotumia miguu ni kiti cha kinyozi. Yeye ataendesha ya pedeli au hataendesha kitu. Mwalimu akaandika neno moja, akalipigia mstari, akasema keshokutwa watakwenda kuzijaribu zote mbili.

Yadi ya mitumba ilikuwa uwanja wa kokoto kali uliozungushiwa mabati. Mashine zilipangwa kama wagonjwa kwenye foleni, kila moja imepakwa rangi mpya mahali palipooza. Muuza mitumba alikuwa mtu mnene mwenye maneno laini. Kila mashine aliyoigusa ilikuwa imetumiwa na mzee mmoja mwangalifu siku za mapumziko tu. Alikuwa na opareta wake wa kuonyesha, binti wa miaka kama ishirini na mitano aliyefunga kitambaa kichwani na kutafuna kitu taratibu. Akapanda ile ya vijiti, akachota kokoto, akageuka, akamwaga, akarudi, akashuka. Hakuonekana kufanya chochote. Angeweza kuwa anafikiria chakula cha mchana.

"Umeona, Baba Mdogo?" akasema Shahada. "Vidole viwili tu."

"Hata pua inachokonolewa kwa vidole viwili," akajibu Pedeli, akaenda kwenye mashine yake.

Akaomba kreti la soda, chupa tupu zikiwamo. Huo ulikuwa mtihani wake maarufu: analichukua kreti kwa kijiko, analipandisha juu kabisa, anaizungusha mashine mzunguko kamili, analishusha palepale bila chupa kugongana. Akainama akautazama mguu, akaanza. Na haki lazima isemwe, alikuwa mzuri. Kreti lilipanda kama limebebwa na mama mzazi. Mashine ikajizungusha, kokoto zikilia chini yake, na hata yule binti akaacha kutafuna.

Wakati wa kushusha, Pedeli hakuinama. Watu walikuwa wanatazama, na fundi wa miguu hatazami miguu. Mikono ya chuma ikashuka taratibu, kisha, kama imekatwa kamba, ikaanguka yote kwa mara moja. Kreti likapasuka. Vigae vya chupa vikatawanyika mpaka kwenye viatu vya ncha vya Shahada.

Pedeli akazima injini. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa daktari anayekuja na majibu. Akashuka, akakatiza katikati ya vigae na kokoto, akija kwao huku akihutubia. Mafuta ya haidroliki yamechoka, alisema. Yakibadilishwa, mashine hii itafika mbali. Inahitaji mtu anayeijua, mashine ya wanaume haikubali kila mguu. Akasimama mbele ya shemeji yake, mkono kiunoni.

Mguu wake wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto haukuwa nacho. Kiatu kilikuwa kimebaki ndani ya kibanda cha dereva, kimebanwa chini ya pedeli, na mwenyewe alikuwa ametembea hatua ishirini juu ya chupa zilizovunjika bila kukunja uso. Nyuma yake, kwenye kokoto nyeupe, kila hatua ya pili ilikuwa nyekundu.

Shahada akaanza kucheka. "Baba Mdogo, mashine imekula kiatu."

Pedeli akatazama chini. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba ya jirani. Mwalimu hakucheka. Akamwambia mwanawe aende na muuza mitumba wakasome namba za injini za mashine zote mbili, waziandike, kisha wazilinganishe. Hiyo ilikuwa kazi ya bure, lakini alikuwa ametumia sauti ya darasani, na watu wazima wawili wakaondoka kama waliotumwa chaki.

Akamkalisha shemeji yake kwenye tairi, akaomba maji, akapiga magoti kwenye kokoto na gauni lake zuri. Akamwaga maji, akatoa kigae chenye urefu wa kidole kutoka kwenye unyayo. Alikuwa akimtazama usoni alipokitoa. Pedeli alikuwa akitazama upande mwingine na wala hakujua kama kimeshatoka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ni uchovu tu, Shemeji."

 Neno lilikuwa la Mwalimu. Alikuwa amelitunza miaka yote, amelipiga pasi, amewagawia wote, na sasa lilikuwa limerudi kwake likiwa na damu. Akavua mtandio wake, akaanza kuufunga mguu, raundi ya kwanza, raundi ya pili, kwa ustadi ambao mwalimu mkuu hana sababu ya kuwa nao.

"Unafunga vizuri," akasema Pedeli.

"Nilijifunzia kwa kaka yako."

Akafunga fundo. Bado alikuwa amepiga magoti.

"Ilikuwa sukari," akasema. "Ilianza na kidole gumba. Nilikuwa namfunga kila asubuhi, kisha namvalisha soksi mbili ili wateja wasione. Alipokubali kwenda hospitali, walitaka kuukata mguu, na siku waliyoipanga hakuifikia."

Pedeli akautazama mguu uliofungwa. 

"Mimi na yeye tumbo moja, Shemeji," akasema. "Miaka minne. Nilisimama kaburini nikaambiwa alichoka. Ungeniambia, si ningekwenda kupima?"

"Ungekwenda."

"Jina la familia lingepungua nini?"

  Mwalimu akasimama, akakung'uta kokoto magotini, akasema wakitoka hapo ni zahanati moja kwa moja, si kesho, na yeye atakaa naye kwenye benchi la watu wa sukari.

"Watu watakuona."

"Nitavaa miwani nione kama wananiona."

Shahada na muuza mitumba wakarudi na namba zao. Shahada alikuwa bado na kicheko, amekihifadhi njiani kisipoe. Akasema familia sasa imepata opareta wa mguu mmoja.

"Baba yako mdogo ana sukari," akasema Mwalimu, bila kushusha sauti, mbele ya muuza mitumba na binti yule. "Baba yako pia alikuwa nayo, ndiyo iliyomuua. Nawe utapima leo, tukiwa huko huko. Sasa cheka."

Hakuna aliyecheka. Muuza mitumba, ambaye amesema uongo wa kila aina juu ya chuma, aligundua ghafla kwamba ana jambo la kutazama juu ya paa.

"Basi nipelekeni getini," akasema Pedeli kutoka kwenye tairi. Alisema kama mzaha, ila hakuna aliyedanganyika. "Kile kiti cha plastiki bado kipo?"

"Getini kuna mtu. Mikono yako ina ganzi?"

Akaikunja, akaikunjua. "Haina."

"Basi tunanunua ya vijiti. Na kabla ya kuondoka, kaombe ufundishwe. Ukiondoka hapa bila kuijaribu, nakujua, hutairudia."

Pedeli akamtazama binti. Binti akamtazama Pedeli. Ikumbukwe kwamba nusu saa iliyopita huyu mzee alikuwa ameifananisha kazi yake na kuchokonoa pua.

"Mwanangu," akasema, akijiinua kutoka kwenye tairi. "Naomba unionyeshe."

"Panda, mzee. Shika hapa na hapa." Akamsaidia kuingia, yeye mwenyewe akasimama mlangoni. Akamweleza kwamba vijiti hivi vina mitindo miwili, na kuna swichi ya kuchagua. Kwa mtindo mmoja, kijiti cha kushoto kinaendesha mashine yote na cha kulia kinafanya kazi ya kijiko na mikono. "Huo ndio ninaoutumia. Wewe utakuchanganya." Kwa mtindo wa pili, kila kijiti kina magurudumu ya upande wake, mbele na nyuma, kama vile vyuma alivyovizoea. Ukikilaza kijiti cha kushoto pembeni, mikono inapanda na kushuka. Cha kulia, kijiko kinakunja na kumwaga. "Mkono wako umeshajua nusu. Kazi ya mguu tu ndiyo imehamia juu."

Akabonyeza swichi, akamwachia.

Magurudumu yalimtii. Alikwenda mbele, akarudi, akageuka upande huu na upande ule, na mabega yake yakaanza kurudia ukubwa wake wa zamani. Shahada akaona ni wakati wa kusema kwamba vijiti lilikuwa wazo lake. Hakuna aliyemwunga mkono, naye hajaacha kulisema mpaka leo. Mwalimu alisimama kichwa wazi juani, saa mkononi, kwa kuwa alikuwa ametoa dakika kumi na si kumi na moja.

Kisha Pedeli akafika mbele ya lundo la kokoto, akatulia, akakaza taya ili apandishe mikono ya mashine. Hakuna kilichopanda. Akakaza tena. Mashine ilikuwa ikinguruma mahali pamoja, nayo mikono ya chuma imelala chini.

Binti akachungulia sakafuni, mahali pasipo na pedeli yoyote, akaona miguu yote miwili, wenye kiatu na wenye mtandio, ikikanyaga bati tupu kwa nguvu zote.

"Mkono, mzee," akasema, akamgusa kifundo cha mkono wa kushoto. "Mkono."