Kaka Aligoma Ziwani

Kwetu maiti hasafirishwi tu kama mzigo. Maiti anaikubali safari au anaikataa. Gari likipasuka tairi njiani, watu hushuka, hulisogelea jeneza na kumuuliza marehemu kosa liko wapi. Nimekulia ndani ya maneno hayo, na tangu chuoni nimekuwa nikiyabishia, mara nyingi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ndiyo maana nilipopigiwa simu Shinyanga, ninakofanya kazi na kuishi peke yangu katika chumba cha kupanga, nikaambiwa kaka amefariki Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, nilianza kuuliza. Ugonjwa gani? Hospitali gani? Nani alimpa dawa? Shangazi akanikatiza, "Wewe njoo tu uzike."

Kaka alikuwa mchimbaji. Mwishoni aliacha kushuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, akahamia kwenye makarasha yanayosaga mawe, na vumbi lake likamkaa kifuani. Nyumbani alikuwa mtu pekee aliyeyafurahia maswali yangu. Wazee wakisema jambo nami nikauliza nani alihakikisha, wenzangu walinikanyaga mguu ninyamaze. Kaka alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Uliza tena," aliniambia. "Uliza kwa sauti, hawakusikia."

Mama hakuwahi kuzungumza naye tangu alipoondoka kisiwani kwetu. Baba alikuwa mgonjwa siku ile, nyavu hazina mwenyewe, na kaka akabeba begi lake. Mama alisimama mlangoni, akamwambia: "Kama shimo ndilo unalolipenda, basi likuzike." Nilikuwepo nikasikia. Kaka hakurudi tena, hata baba alipofariki. Na tangu hapo mama hakulitaja jina lake mbele yetu.

Sasa mama alikuwa amevuka ziwa asubuhi kuja kumpokea ufukweni.

Tulilipakia jeneza botini mchana, jua likiwa kali. Ndani ya boti tulikuwa mama, shangazi, mimi, nahodha, na mchimbaji mmoja, Mzaramo, aliyefanya kazi na kaka na kuifuata maiti yake kutoka Rwamgasa. Siku zote nahodha hubeba mafuta kwenye dumu lenye kifuniko kilichotobolewa, dumu linalonuka na kuvuja. Siku hiyo aliliona halifai mbele ya marehemu. Aliazima tangi la mwenzake, jekundu, la kiwandani, akalijaza, akalipangusa kwa kitambaa, akaliweka nyuma karibu na mashine. Halikudondosha hata tone.

Mashine iliwaka alipovuta kamba mara ya kwanza. Nyumba za ufukweni zilikuwa zimeanza kuwa ndogo ilipokohoa, ikanguruma kama inayojilazimisha, ikazima.

Nahodha akavuta kamba. Akavuta tena na tena. Boti ikageuka ubavu, upepo ukaanza kutupeleka utakako.

"Haa, Msukuma huyu!" Mzaramo akaligonga jeneza kwa kiganja. "Kazini mbishi, umekufa bado mbishi! Umebebwa bure, umelazwa chali kama bosi, na bado unagoma?"

Nahodha alicheka. Hata mimi nilicheka; mtani ana haki yake msibani. Shangazi hakucheka.

"Hajagoma kwa utani," alisema. "Amekubali kutoka nchi kavu. Kufika ndiko amekukataa."

Hakumtazama mama alipolisema hilo. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi. Mama alikuwa ameshika ukingo wa jeneza, ameinama, na midomo yake ilikuwa ikirudia kitu bila sauti. Nililijua neno hilo, lile la mlangoni. Nikajua pia kwamba boti hii isipoondoka, atabaki nalo maisha yake yote: kwamba mwanawe, hata akiwa maiti, amekataa kurudi kwake.

Nikahamia nyuma kwenye mashine. Nilitaka sababu, na nilitaka iwe kubwa kiasi cha kulitosha jambo lenyewe, kitu chenye jina, nikishike mkononi nimwonyeshe mama kabla hajaamini. Nahodha alifungua plagi, akaifuta kwa shati, akairudisha. Nikamwambia ni kabureta. Akasema kabureta ilisafishwa juzi. Nikakiminya kile kipira cha kupampu kilichoko kwenye mpira wa mafuta. Kikabonyea, kikabaki vilevile bila kujaa.

"Uchafu," nilisema. "Mafuta haya yamechakachuliwa."

"Nimenunua palepale ninaponunua kila siku."

"Basi leo wamechakachua."

"Msomi, wewe umesomea mashine?"

"Hapana."

"Umesomea nini?"

"Maendeleo ya jamii."

"Basi hii iendeleze, ndugu yangu," Mzaramo alisema. "Jamii ndiyo sisi hapa."

"Nyamazeni," mama alisema.

Nahodha aliiachia kamba, akavua kofia, akakaa.

"Ng'wana wane," mama akaanza, kama alivyokuwa akituita tulipokuwa wadogo, kila mmoja mtoto wake. "Lile neno nililisema mimi. Si baba yako, wala si watu. Nililisema kwa hasira, halafu nikaliacha likakaa. Nilisikia unaumwa. Nikasema, atakuja mwenyewe. Sikutuma mtu."

Nilikuwa nimempa mgongo. Sikuweza kumtazama akiongea na mbao, na nilihitaji kazi ya mikono, kwa hiyo niliinamia tangi niyanuse yale mafuta. Bado nilikuwa na uchakachuaji wangu. Nilipolegeza kifuniko, hewa ikaingia kwa mlio mrefu, fyuuu, na kile kipira nilichokuwa nimekiminya kikajaa chenyewe mbele ya macho yangu.

Juu ya kifuniko kulikuwa na parafujo ndogo ya kupitishia hewa. Ilikuwa imekazwa. Mashine ilinyonya mafuta, tangi halikupata hewa ya kujaza nafasi, mwishowe hakuna kilichotoka. Hivyo tu. Dumu la kila siku lina tundu, halihitaji kufunguliwa chochote, na nahodha hakuwa na mazoea ya kuitafuta parafujo. Mimi nilikuwa nimeliruka tangi kwa sababu lilikuwa jipya na limejaa.

Nilikuwa nimeipata. Ilitosha kugeuka na kusema, "Mama, ni hewa tu."

"Baba yako alikuulizia," mama alikuwa akisema. "Sikukuletea salamu zake. Nakupa sasa. Kama unaogopa kufika kwangu, usiogope. Nyumba nimeifagia. Godoro lako nimelianika."

Niliilegeza parafujo. Nikafunga kifuniko. Nikakiminya kipira taratibu mpaka kikawa kigumu, huku nikijitahidi kisitoe sauti.

"Basi," mama alisema. "Twende nyumbani."

Nahodha akasimama na kofia yake mkononi, akavuta kamba, mashine ikawaka.

Shangazi aliangua kilio. Mzaramo alisema, "Allahu akbar," na hakutania tena mpaka kisiwani. Mama alilaza shavu lake juu ya jeneza. "Amenisikia," alisema. "Mmeona? Amenisikia." Nahodha aliinama karibu na sikio langu ili nimsikie juu ya mngurumo. "Alikuwa anangoja lile neno," aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi.

Niliitikia kwa kichwa, nikatazama maji. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ningemweleza jambo lile akacheka mpaka ashike mbavu, na tulikuwa tumemfunika kwa turubai jua lisimpige.

Tulimzika siku ileile.

Tangu hapo mama hulitaja jina la kaka. Hulitaja jikoni, hulitaja shambani, humwita katikati ya mazungumzo kama mtu aliyetoka tu kidogo. Na kila mgeni anayekuja hupewa habari za siku ile. Nikiwepo, huniweka mbele.

"Huyu alikuwemo botini," husema. "Mwanangu huyu haamini mvua mpaka imlowanishe. Muulizeni yeye."

Nilipokwenda mara ya mwisho, mgeni alikuwa katekista kutoka kijiji cha jirani, mtu makini, aliyesikiliza bila kutikisa kichwa. Mama alipomaliza, hakushangaa kama wengine. Aliweka bakuli lake chini.

"Hapo kwenye boti," alisema, "palikuwa na fundi?"

"Fundi atoke wapi katikati ya ziwa?" mama alisema, akanigeukia. "Mwambie. Fundi alikuwepo?"

Lilikuwa swali zuri. Ningeliuliza mimi mwenyewe. Katekista alinitazama, na nadhani aliona kitu usoni pangu, maana alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Mama hakuona. Alikuwa akingoja bila wasiwasi wowote, mkono wake juu ya goti langu.

"Hakuwepo," nilisema.

Mama akaligonga goti langu mara mbili, akaendelea na habari ya mazishi. Nilitoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni, nikatoka nje kama mtu aliyepigiwa, na nikasimama kule karibu na migomba kwa muda ambao mazungumzo ya kawaida huchukua.