Firigisi ya Mwenye Nyumba

Wazee wa kamati ya shule walikuja shuleni kwetu Lumino kunifukuza kazi, lakini kwanza ilibidi wale. Ndivyo tulivyolelewa: hata anayekuja kukuharibia maisha humwachi aondoke na njaa. Basi kuku wa kufukuziwa nilimpika mwenyewe, tumbo la mimba likigongana na meza.

Nilikuwa nimeolewa, tena kanisani, lakini haikusaidia. Miaka hiyo ya sitini mwalimu wa kike akishika mimba alifungasha virago. Wa kiume akizaa alipongezwa. Darasa la tatu lilikuwa langu. Nililipenda kuliko nilivyompenda mume wangu, na yeye alijua.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama wa kutoka Tororo, mwanamke wa kwanza kushika shule upande ule. Alinifuata jikoni, akaninong'oneza, "Leo utakaa mezani. Nikila, nawe ule."

Nilishtuka. Kwetu mwanamke hakula kuku. Tulimfuga, tukampika, tukameza mate. Nikamwambia mama mkwe alivyoniapia kwamba nikionja tu, mtoto atazaliwa bubu. Na firigisi ndiyo usiseme: ilikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Kila kamati ilipokuja, mwenyekiti aliila kama vile shule nzima ni boma lake.

Siku hiyo akakoroga bakuli kwa kijiko, akakoroga tena.

"Madamu, kuku hii haina firigisi?"

"Inayo, mzee," mwalimu mkuu akasema.

Ilikuwa kwenye sahani yake. Akaikata katikati, nusu moja akaiweka kwenye sahani yangu, nyingine akaitia mdomoni na kuanza kutafuna polepole. Mzee mmoja akasukuma kiti nyuma. Wote wakanitazama mimi. Mtoto akanipiga teke tumboni. Nikala. Niliogopa hata kumeza.

"Wewe sasa ndiyo mwanaume ya hapa?" mwenyekiti akamfokea mwalimu mkuu.

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii," akajibu. "Na huyu ni mtoto wa nyumba yangu. Mkitaka kumtoa, mtanitoa mimi kwanza."

Wakanawa mikono, wakaondoka bila kuaga.

Nao kweli wakamtoa. Muhula uliofuata alipelekwa kwenye kishule kimoja nyuma ya vilima vya Osukuru, mwalimu wa kawaida tu. Mimi hakuna aliyenigusa. Nadhani waliogopa kurudi kwenye meza ile. Nilifundisha mpaka uchungu ukanikamata chaki mkononi.

Yule mama wa Tororo alikuja na baiskeli kumwona mtoto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Binti yangu alikuwa akilia nyumba nzima ikitikisika.

"Huyu ndiye bubu?" akauliza.

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamwomba radhi kwa cheo alichopoteza. Akaikata ile pole yangu katikati.

"Darasa la tatu ni la nani?"

"Langu bado, madamu."

"Basi siku ile nilishiba," akasema, akanyoosha mikono apewe mtoto.