Mkono wa Kulia wa Ami Athmani

Asubuhi ile Ami Athmani alikuwa amekaa barazani kwake, mtaani Kuze, akishona kofia. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja tangu nirudi kutoka Maskati na stashahada yangu ya uuguzi wa upasuaji. Niliisomea kwa jasho langu mwenyewe, mchana darasani, jioni nikipiga deki korido za hospitali tuliyofanyia mazoezi. Sioni haya kulisema. Darasani mwetu hapakuwa na mkono uliofunga jeraha kwa unadhifu kama wangu.

"Ewe daktari wa Maskati," ami aliniita, "hebu tazama. Mshono wako wafikia huu?"

Nikamwambia waupita. Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, na ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

Kwa siku mbili tulikuwa tukisikia mambo ya mitaa mingine: mawe, moshi wa kutoza machozi, maduka kuchomwa. Adhuhuri ile yakaingia kwetu. Nilikuwa kazini, kwenye zahanati ndogo ya Bondeni.

Mlio wa kwanza niliudhani ni mlango uliobamizwa.

Wa pili, hapana.

Watu wakaingia wakikimbia, kisha wengine wakiwa wamebebwa. Miongoni mwao alikuwa ami, ameshikwa na mkewe, Bi Zuhura, mkono umefungwa leso iliyolowa damu. Alikuwa akiwakimbia askari, akaanguka mferejini juu ya kipande cha bati. Kiganja cha kulia kilikuwa kimepasuka kutoka chini ya kidole cha shahada hadi kwenye kifundo cha mkono. Njia ya hospitali kuu ilikuwa imefungwa.

Jeraha chafu halishonwi siku ile ile. Husafishwa, hutiwa kitambaa cha shashi, huachwa wazi, na hushonwa siku ya nne au ya tano likionekana safi. Hilo nililijua kama nilijuavyo jina la mama yangu. Lakini ami alikuwa akiitazama mikono yangu.

Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikapiga ganzi, nikashona. Mishono kumi na mmoja, imepangika kama ya kofia.

"Mashallah," akasema. "Kweli waupita wangu."

Sijapata kusifiwa zaidi ya hapo.

Siku zilizofuata nililala zahanati na majeruhi. Kila asubuhi, mtaa ukitulia kidogo, nilikwenda mbio mpaka dirishani kwake, majirani wamejaa ndani.

"U hali gani, ami? Mkono wauma?"

"Njema, alhamdulillahi."

Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu njema, hata akiwa anakata roho. Mimi ni mtoto wa Kuze, nalijua hilo. Na bado nilirudi nikaandika daftarini: hana maumivu.

Siku ya nne Bi Zuhura alinisubiri mlangoni.

"Sikia. Jana ami yako kala kwa mkono wa kushoto."

Nilimpita bila salamu.

Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, ngozi inang'aa. Ganzi ilikuwa imetuishia. Ami akachukua kofia yake, ile aliyokuwa hajaimaliza, akaiuma. Nikaikata mishono yangu, mmoja baada ya mwingine. Usaha ukatoka.

Hakulia. Nililia mimi.

"Mbona hukuniambia, ami?"

Akaitoa kofia mdomoni. "Uliniuliza mbele za watu, mwanangu. Ningesemaje? Kwamba kazi yako imeoza?"

Njia zilipofunguliwa, hospitalini waliuokoa mkono. Vidole viwili vilibaki vimekunjika. Hakushika sindano tena, na mpaka anakufa alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ndiye fundi wa mishono mtaani kwetu," akininyooshea vidole alivyobakiwa navyo.

Wako waliozika watoto wao siku zile, na silinganishi. Mimi nilipoteza vidole viwili visivyokuwa vyangu.

Nimeshona majeraha mengi tangu hapo, na nasema bado: vizuri kuliko wengi. Lakini jibu la mdomo halinitoshi. Humpa mgonjwa kikombe cha chai nikatazama anavyokipokea.

Stashahada yangu imetundikwa ukutani. Kofia iko kabatini. Nusu yake haijashonwa, na ukingoni ina alama za meno.