Gasketi Niliyomsingizia Fundi

"Fundi wako alifunga hedi vibaya, ama sivyo, mzee?"

Mwenye gereji aliniuliza hivyo huku akijifuta mikono, na mkwe wangu amesimama kando yangu, kofia mkononi. Ningeweza kukataa. Ingetosha kusema, "Hapana, kosa ni langu." Badala yake nilisema, "Ndiyo. Aliifungua juzi juzi tu."

Fundi niliyemsingizia alikuwa rafiki yangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alitoka magharibi, akafanya kazi katika karakana za reli mpaka akastaafu, kisha akafungua gereji yake Donholm: mabati manne, benchi la mbao, na sanduku la spana alizozipanga kwa ukubwa. Mimi nilikuwa dereva wa ofisi, naye ndiye aliyekuwa akilihudumia gari langu mwenyewe. Jumamosi nilikaa kwenye benchi lile hata gari lisipokuwa na tatizo.

"Mkamba, leo umekuja kuongeza nini?" Alinitania hivyo kwa sababu nilikuwa na tamaa ya kuongeza vitu garini, mara taa, mara rimu, mara ekzosi yenye mngurumo. Alijua pia kwamba baba yangu alikuwa mchonga vinyago. "Mzee wako hakukufundisha? Ukizidisha patasi, twiga hukatika shingo."

"Fungua injini, Mluhya. Acha kuniangalia kama kuku wa wageni."

Miezi miwili kabla ya safari ninayoisimulia, alikuwa ameifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kubadilisha sili za valvu, na gari likawa zuri. Wiki moja kabla ya safari alipitisha kidole chini ya pampu ya maji, akanionyesha unyevu.

"Hii inavuja. Usiende mbali mpaka niibadilishe."

"Jumamosi tunapeleka mbuzi kwa wakwe."

"Basi panda basi. Mbuzi hawatajua."

Nilicheka, nikaenda na gari.

Walikuwa mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba mbuzi hao wakishapokewa, binti amekuwa wa nyumba yako, na mwanangu alikuwa amengoja siku hiyo kwa muda mrefu. Mambo yalikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, mkwe wangu, baba wa binti, aliomba tumfikishe Njiru kwa dada yake. Alikaa nyuma, mke wangu akakaa mbele, nami nikalisifu gari langu tangu Tala.

Tulipopita Kamulu mshale wa joto ulianza kupanda. Barabara ilikuwa tambarare, sikuwa hata na kilima cha kusingizia. Mke wangu aliuona kabla yangu.

"Baba watoto, ule mshale."

"Ni mita tu imeharibika," nilimjibu kwa sauti ya chini.

Haikuwa mita. Chupa ya maji ilikuwa kwenye buti, na kando ya barabara palikuwa na nafasi ya kusimama. Lakini niliwaza jinsi ningeonekana nikiwa nimeinama chini ya boneti mbele ya mkwe, siku ya mbuzi, na jinsi ambavyo angesimulia kwao: binti yetu tumempeleka kwa watu wasio na gari la kufika Njiru. Nikaendelea kukanyaga mafuta. Mshale ulifika kwenye nyekundu tukiwa Ruai. Tulipoingia Njiru mvuke ulifunika kioo na injini ikazima. Watu walitusukuma hadi gereji iliyokuwa karibu, yenye sakafu ya saruji na mmiliki kijana wa ovaroli safi.

Alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Akasema gasketi ya hedi, ile pedi inayoziba kati yake na injini, imeungua, na hedi yenyewe lazima imepinda. Ndipo akaniuliza lile swali, nami nikajibu nilivyojibu.

"Mafundi wa Nairobi!" mkwe alisema, akatikisa kichwa kwa huruma. Nilisikia nafuu mwili mzima. Mke wangu alikuwa akiangalia barabarani.

"Sasa mzee wangu," kijana akaendelea, "ukishafungua, usirudishe kitu ile ile. Tukuwekee injini kubwa ya ex-Japan, iliyotumika kidogo huko, na turbo ya kuongeza nguvu juu. Ukipita Donholm watauliza, nani huyo?"

Nilimwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba tayari nilikuwa nausikia mlio wake.

Jumapili, wanaume wa kanisani waliniuliza gari liko wapi. Nikarudia uongo. Mara ya pili ulikuwa rahisi zaidi, hata nikaongeza kwamba mzee yule macho yamechoka, siku hizi anakaza boliti kwa kukisia. Nusu ya wanaume wale walikuwa wateja wake.

Siku chache baadaye fundi, maneno yakiwa yamemfikia, alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amekwenda Njiru mwenyewe kuiomba gasketi ya zamani, akaileta ikiwa imefungwa kwa gazeti. Aliiweka mezani kando ya vikombe.

"Tazama hapa, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Kama ningeacha boliti zimelegea, isingekuwa hivi. Hii imepikwa, Mkamba. Mshale ulifika wapi?"

"Sikuangalia."

Akamgeukia mke wangu. Mke wangu aliinuka kwenda kuleta sukari, na sukari ilikuwa mezani.

Fundi alilikunja gazeti lake taratibu. Mlangoni alisimama. "Usiweke ile turbo. Breki zako ni za gari dogo, utaua watu. Hedi ipelekwe kwa mashine ikasawazishwe, weka gasketi mpya, badilisha pampu. Basi."

Nilifanya hivyo hivyo, na gari linatembea hadi leo. Benchi lake ndilo lililobaki tupu. Wanaume wa kanisani waliacha kwenda, kisha wateja wake wa mtaa wa Fedha, na kabla mwaka haujaisha aliuza spana zake akarudi kwao.

Nilichelewa sana, lakini nilisimama mbele ya wanaume wale wale nikasema kweli. Mmoja alikohoa, tukaendelea na habari ya viti vya harusi. Nikampigia fundi simu.

"Nimewaambia kwamba nilidanganya."

"Nimesikia. Pampu ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Vizuri," akasema, akakata. Tangu hapo hapokei simu zangu.

Mkwe nilimweleza mwezi uliopita. Alinitazama kwa mshangao. "Kwani ulishindwa kusimama? Mimi tangu Kamulu nilikuwa nimebanwa na mkojo, naona haya kukuomba."

Mke wangu siku hizi hukaa kiti cha nyuma, hata tukiwa wawili tu. Sijamuuliza kwa nini. Ili mkwe asinione nikifungua boneti, nilimnyang'anya rafiki yangu jina lake zuri na kazi ya uzee wake, na mimi nikampoteza yeye.