Mfuniko wa Kupalia Wali

Enzi zetu pale Mlingotini, mfuniko ulikuwa mfuniko mpaka mama ageuke. Akishageuka, tulifunga tenga tupu la mananasi ya Kiwangwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, tukaanza kurusha kutoka kule chooni. Aliyetumbukiza mfuniko wake kwa marusho machache kuliko mwenzake ndiye aliyekula ukoko siku hiyo. Nyinyi mliolelewa na sufuria za umeme hamjui ukoko wa wali wa nazi ni nini. Sisi tulinuniana wiki nzima kwa ajili yake.

Sheria ilikuwa mfuniko mmoja tu, tangu rusho la mbali hadi la kutia. Hapo ndipo akili ilipohitajika. Mfuniko wa ndoo ya plastiki ulikwenda mbali, lakini upepo wa baharini ukiupata unaufuata kwa jirani, unamwamkia, unaulizwa habari za nyumbani kote, ndipo unarudishiwa. Kifuniko cha kopo la maziwa kililenga vizuri, ila kikigusa ukingo wa tenga kilibingirika hadi kwa kuku. Kaka yangu Hamisi alipenda kawa ya bibi, ile ya ukindu ya kufunikia chakula. Alidai inatua taratibu. Ilitua taratibu kweli, na sijui alikuwa akiifanyia dawa gani, kwa maana alinishinda siku nne mfululizo, akatafuna ukoko mbele yangu huku amefumba macho kwa makusudi.

Siku ya tano nikautazama mfuniko wa mama. Ulikuwa mzito, mweusi kwa masizi, ndio aliouwekea makaa juu kupalia wali. Kitu kile kikianguka hakiendi popote. Wageni wa baba walikuwa barazani, wali unachemka, mfuniko umeegemezwa ukutani ukisubiri zamu yake. Mama akaingia ndani kufuata chumvi. Nikaubeba. Nilijiambia ni marusho mawili tu, narudisha.

La kwanza likatua hatua tatu kutoka kwenye tenga, likatulia. La pili nililisukuma kwa kifundo cha mkono tu, likaingia! Tenga likang'oka, likaanguka na mfuniko wake juu ya jiwe. Sikujali. Nilimzunguka Hamisi nikiimba jina langu mwenyewe.

"Mfuniko wangu uko wapi?" ilikuwa sauti ya mama.

Akatusimamisha ukutani. "Haya, nyoosheni viganja." Vya Hamisi vilikuwa safi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Vyangu vilikuwa vyeusi, na jasho la usoni nilikuwa nimeshalifuta.

Mfuniko ulikuwa umepinda. Makaa yalibingirikia upande mmoja, mvuke ukatokea upande wa pili, wali ukagoma kuiva. Mama akaongeza maji kuunusuru, ukawa bokoboko. Wageni walisema alhamdulillahi kwa adabu, wakaomba maji ya kunawa mapema. Kisha mama akaniita kwa upole ulionitia hofu: "Zuhura, nasikia umeshinda. Njoo uchukue ukoko wako." Nikachungulia sufuriani. Chini hapakuwa na kilichoshika hata kidogo.

Mwezi uliopita binti yangu Rahma alikuja kutoka Dar na begi la visahani vya kurusha, pamoja na kikapu cha minyororo cha kuvitia. Siku hizi mchezo una begi! Akaniambia amesoma wiki mbili kwenye simu ili achague kisahani kimoja kinachofaa kusogezea na kutilia: kizito kiasi, chenye ukingo mnene, kisichoruka kikianguka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi nilichagua mama akifuata chumvi.

"Ukishinda unapata nini?" nikamuuliza.

"Sipati kitu, mama. Nafurahi tu."

Nilimhurumia. Kwake wali haushiki chini, wala hana wa kugombana naye.

Nikamwomba kisahani. Rusho la kwanza likatua hatua chache kutoka kikapuni; la pili nikalisukuma kwa kifundo cha mkono, minyororo ikalia. Nikageuka nimzunguke mtu nikiimba, nikamkuta Rahma ameinama kwenye simu. Nilimkumbuka kaka yangu. Siku hizi anauza matairi Chalinze, tunaonana Idi hadi Idi. Nikampigia palepale.

"Kaka, shikamoo. Nimetia! Kwa marusho mawili!"

"Marahaba," akasema Hamisi. "Kwa mfuniko wa nani?"