Noti ya Miguu Mitatu

Ninakusanya noti za visiwa. Nataka zile za zamani, zilizochapwa kwa ajili ya watu wachache waliozungukwa na maji, ambazo ukivuka nazo ng'ambo muuza mkate anakutazama kama umempa tiketi ya basi la jana. Ninazo kumi na moja. Nimehesabu tena kabla ya kuandika hapa: kumi na moja.

Watu huuliza mtu wa Makambako, mji wa njia panda usio na hata bwawa la kujivunia, anazipata wapi. Jibu ni mifukoni. Ninauza makoti ya mitumba, na huku kwetu baridi haina likizo. Wenye makoti huko yatokako hawakagui mifuko. Nimekuta funguo, vitambaa vya pua, jino moja la bandia. Na noti.

Ile ya kumi na moja aliikuta muuzaji mwenzangu pale sokoni Lyamkena. Ilikuwa ya pauni moja, ya Kisiwa cha Man, na alama yao ni miguu mitatu iliyounganishwa mapajani, inakimbia bila mwenyewe.

"Elfu kumi," akasema.

"Ya miguu mitatu? Hata aliyeichora hakuwa na uhakika."

"Ni pauni hiyo, kaka!"

"Pauni ya kisiwani. Haya, kainunulie sukari."

Tulimalizana kwa elfu moja mia tano na chapati mbili. Chapati moja nikaila mimi.

Noti ilikuwa na mkunjo mmoja katikati. Kwa mkusanyaji, mkunjo ni kama kovu usoni, kwa hiyo nikaibana ndani ya kitabu changu cha nyimbo ili inyooke. Hilo ndilo kosa lenyewe, maana Jumapili iliyofuata nilikwenda Njombe kwa mama mkwe, na ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwake.

Mimi na mama mkwe tuna utaratibu. Siwezi kumshindilia pesa kiganjani kama kondakta. Namwekea sadaka yake ndani ya kitabu cha nyimbo, nampa kitabu kwa mikono miwili, naye anapokea bila kusema neno. Hivyo ndivyo tunavyoheshimiana tangu nilipooa. Asubuhi ile nikaweka elfu mbili ukurasa wa mbele, nikatoa kitabu, tukasalimiana "kamwene", yeye akaenda upande wa akina mama, mimi wa akina baba. Wimbo wa pili ulipoanza ndipo nikakumbuka kilichokuwa ukurasa wa nyuma.

Nikanyoosha shingo. Kapu la sadaka lilikuwa linampita. Mama akatoa elfu mbili. Akafungua nyuma, akatoa na nyingine, akaitazama vizuri, akatabasamu, akaitumbukiza.

Baada ya ibada, kama kawaida yetu, vitu vilivyotolewa vinapigwa mnada nje: mayai, maboga, viazi, jogoo. Ukinunua kitu unaweza kukirudisha kiuzwe tena, na kanisa linazidi kupata. Jogoo wa siku ile aliuzwa mara tatu, akaanza kuonekana amezoea. Kisha mzee wa kanisa akainua noti yangu.

"Wahesabu sadaka wamekwama na hii. Benki hawataipokea. Ina malkia na miguu mitatu!"

"Ni yangu hiyo!" mama mkwe akasimama. "Mkwe wangu ndiye aliyenipa. Miguu mitatu, Utatu Mtakatifu! Aliniwekea makusudi!"

Wakanipigia makofi. Sasa ningesema nini? Kwamba ni bahati mbaya, mama akae chini? Njia ilikuwa moja tu: niinunue noti yangu, kimyakimya.

"Tuanze elfu nne," akasema mnadishaji.

"Elfu tatu," nikajibu.

Watu wakaangua kicheko. Maisha yangu yote nimeshusha bei. Ulimi haujui ngazi ya kupandia.

"Baba, hapa tunapanda."

"Elfu nne, basi."

"Elfu tano!" Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, ndani ya sweta lililotoboka viwiko. "Naitaka kwa ajili ya wajukuu. Jiografia."

Sita. Saba. Nikasema nane. Nikajikagua kama nimesema, nikarudia, "Nane na mia tano!"

"Baba, nane ilikuwa yako."

"Najua. Nahakikisha."

Tulifika elfu ishirini, na ishirini ndiyo niliyokuwa nayo ukiacha nauli. Mwalimu akatikisa kichwa. Nikalipa, nikaishika noti. Bado mkunjo mmoja. Nilikuwa sijapumua vizuri nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Mkwe wangu anairudisha!"

"Arudishe! Arudishe!" umati ukaitikia.

Nikairudisha huku natabasamu kwa meno yote. Duru ya pili mimi nilikuwa na nauli tu, na wengine walikuwa wameishiwa kwa jogoo. Mwalimu akaichukua kwa elfu mbili.

Nikamfuata hadi nyuma ya kanisa. Pale hapakuwa na mnadishaji wala makofi. Palikuwa na watu wawili na kitu kimoja. Uwanja wangu.

"Mwalimu, nikupe elfu mbili mia tano," nikasema, nauli mkononi.

"Umeilipia ishirini mbele ya macho yangu, kijana. Unadhani sijui hesabu?"

Nikasema inanuka mfuko. Akasema anapenda harufu hiyo. Nikamwambia wajukuu wataichana. Akasema ndiyo maana wanaitwa wajukuu. Ukungu ukashuka, akaanza kulitazama koti langu, zito, la sufu, ambalo nilijiwekea mwenyewe kati ya makoti mia na zaidi.

"Koti," akasema.

"Na uniongezee boga."

"Boga nimelinunua."

"Nusu boga."

Akacheka mpaka akakohoa, akakubali. Nikakagua mifuko yote mara mbili, nikavua.

Nilirudi kwa mama mkwe natetemeka, noti kifuani ndani ya shati, nusu boga kwapani. Kumbe alikuwa amemwona mwalimu akipita ndani ya koti langu.

"Umemvisha mwalimu! Na noti umerudisha! Binti yangu kaolewa." Akavua sweta lake la waridi lenye vifungo vya maua, akanipa kwa mikono miwili. Unakataaje mikono miwili?

Nikashuka stendi ya Makambako nalo mwilini. Muuzaji mwenzangu wa Lyamkena akanizunguka mara moja, polepole.

"Sweta bei gani?"

"La mama mkwe hili. Haliuzwi."

"Sawa."

Akaanza kuondoka. Nikamwacha atembee hatua tano, nikazihesabu tena.

"Kwani ungetoa ngapi?"